Piriton, setirizini, ya kupuliza au sindano mpya: ulinganisho kutoka kaunta ya kemisti Nakuru

Kuanzia Januari hadi mvua za masika zinapoanza, Nakuru huwa mji wa chafya. Upepo unashuka kutoka Menengai, vumbi linaamka, na kila asubuhi kabla sijamaliza kufuta kaunta kuna mtu amesimama mlangoni na leso puani. Nimeuza dawa mjini hapa miaka 11. Kabla ya hapo nililelewa Muhoroni, ambako mashamba ya miwa yakichomwa masizi yalitua kwenye nguo tulizoanika, na usiku kifua changu kikapiga filimbi. Kwa hiyo mengi ya haya ninayolinganisha nimeyauza na pia nimeyameza.

Siku hizi wateja hawaombi tu dawa ya aleji, yaani ya mzio. Wanauliza, "Daktari, kuna mpya?" (Mimi si daktari, lakini ukivaa koti jeupe hapa umekuwa daktari, na kukana hakusaidii.) Wamesikia kuna sindano ya kuchomwa mara moja au mbili kwa mwezi, na mtu akasahau kabisa habari za chafya. Ipo kweli, nitaifikia. Ila upya wa dawa mimi nauweka swali la tatu. La kwanza ni mzio wako umekaa wapi: puani, ngozini au kifuani. La pili, ambalo wengi hulisahau, ni mwili wako umebeba nini kingine: minyoo, kifua kikuu, kisukari, dawa za ARV. Ukiyajibu hayo mawili, mara nyingi lile la tatu hata hulifikii.

Mlipuko, kisha msongamano

Mtu mwenye mzio ana kingamwili aina ya IgE zilizokaa juu ya seli fulani kwenye pua, ngozi na mapafu kama askari waliolala na bunduki mkononi. Vumbi au chavua ikigusa tu, seli zinafunguka na kumwaga kemikali iitwayo histamini. Ndani ya dakika chache unawashwa, unapiga chafya, kamasi inatiririka kama maji. Huo ndio mlipuko. Saa kadhaa baadaye linakuja wimbi la pili: seli nyingine za kinga zinakusanyika mahali pale, nyama ya ndani inavimba, pua inaziba, kifua kinabana. Huo ndio msongamano, na ukianza unaweza kukaa siku nyingi.

Shika picha hiyo, kwa sababu karibu tofauti zote za dawa ninazoeleza hapa zinatoka humo. Vidonge vya aleji vinazuia histamini, yaani mlipuko. Steroidi, yaani dawa za kushusha uvimbe, zinatuliza msongamano. Sindano mpya zinakwenda nyuma zaidi, kuwanyang'anya askari bunduki kabla hawajaamka.

Kidonge cha usingizi au kisicho na usingizi?

Mwezi uliopita dereva wa lori aliegesha nje, akaingia anapangusa macho.

"Daktari, nipe Piriton za ishirini."

"Unaelekea wapi, mzee?"

"Malaba."

"Kesho?"

"Saa hii. Mzigo umeshafungwa."

Kutoka hapa kwenda Malaba unapita Salgaa na Sachangwan, mteremko ambao kila dereva wa barabara hii anaujua kwa majina ya waliobaki pale. Sikumuuzia Piriton. Klofeniramini iliyo ndani yake inaingia hadi kwenye ubongo, na ubongo unatumia histamini kukuweka macho. Ukiizuia huko, umejifungia taa. Tena wengine huamka asubuhi wakidhani dawa imeisha, kumbe bado wamo kwenye ukungu.

Familia hii ya dawa ni ya kale. Daniel Bovet na wenzake katika Taasisi ya Pasteur jijini Paris walionyesha mwaka 1937 kwamba histamini inaweza kuzuiwa, na mwaka 1957 Bovet akapewa Tuzo ya Nobel. Sumu ya ile dawa yao ya kwanza ilikuwa kali mno kwa binadamu. Piriton na ndugu zake walifuata miaka ya 1940. Kwa hiyo mtu akikuambia Piriton ni dawa ya kienyeji ya Kenya, mkumbushe kwamba ina umri wa babu yake.

Nini kinaipa nafasi mpaka leo? Bei, na kupatikana hata kwenye kioski kisicho na leseni. Mimi ningeibakiza kwa mtu mzima anayewashwa usiku mmoja au miwili na asubuhi haendeshi chochote, hata bodaboda. Mzee mwenye tezi dume simpi, maana inaweza kumfungia mkojo. Mwenye presha ya macho vilevile. Na mama mwenzangu, ile ya maji si dawa ya kumlaza mtoto ili upike kwa amani. Najua inafanywa.

Dereva nilimpa loratadini, moja ya miligramu 10 kwa siku. Setirizini ingeweza kumfaa pia, lakini ina tabia ya kuwapa usingizi watu wachache, na hujui kama wewe ni mmoja wao mpaka uimeze. Yeye hakuwa na nafasi ya kujaribu. Watu wengi huniambia setirizini inakata kuwashwa kwa ngozi vizuri zaidi, na uzoefu wangu unakubaliana nao. Ila hutoka mwilini kupitia figo, hivyo mwenye figo dhaifu hupunguziwa dozi. Jambo jingine: Mei 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitahadharisha kwamba watu wachache waliotumia setirizini kila siku kwa muda mrefu walipoacha ghafla waliwashwa vibaya sana, hata bila mzio wenyewe. Hutokea kwa nadra. Lakini kama umeimeza kila siku kwa mwaka mzima, usiitupe leo kwa hasira; muulize mtaalamu namna ya kuiacha polepole.

Ya tatu ni feksofenadini, na historia yake inafaa kuhadithiwa. Ilitanguliwa na tefenadini, ambayo ilisifiwa sana miaka ya 1980 kwa kutoleta usingizi. Kisha ikaonekana kwamba ikikutana na dawa kama erithromaisini au ketokonazoli hujaa mwilini na kuvuruga mapigo ya moyo, na watu walikufa. Watafiti wakagundua kwamba ini huigeuza tefenadini kuwa kitu kingine, na kwamba kile kitu kingine ndicho kinachofanya kazi bila kugusa moyo. Hicho ndicho feksofenadini ya leo. Mamake akaondolewa sokoni, mtoto akabaki. Kati ya hizi tatu ndiyo isiyo na usingizi kabisa, lakini ni ghali kidogo na ina deko: ukiimeza na juisi ya machungwa, ya tufaha au ya balungi, haifyonzwi vizuri. Imeze na maji.

Kama unaendesha gari, unapanda ngazi kwa kazi, au uko shule, ulinganisho umeishia hapa. Usichukue ya usingizi.

Kidonge au ya kupuliza puani?

Hapa ndipo ninapobishana na wateja zaidi, na hapa ndipo nina uhakika zaidi.

Kama shida yako ni pua iliyoziba, unalala mdomo wazi, na hali hiyo inarudi wiki baada ya wiki, dawa bora si kidonge chochote. Ni steroidi ya kupuliza puani: beklometasoni, flutikasoni, mometasoni au budesonidi. Kidonge kinazuia mlipuko, lakini wewe umeshaingia kwenye msongamano. Ya kupuliza inatuliza wimbi la pili palepale lilipo, na sehemu ndogo sana ndiyo inayozunguka mwilini.

Kwa nini basi watu hawaipendi? Kwanza, haifanyi kazi siku ileile. Inaanza kuonekana baada ya siku kadhaa na kukamilika baada ya wiki mbili hivi. Mteja anapuliza Jumatatu, Jumatano amerudi kuniambia nimemuuzia maji. Pili, jina steroidi linawatisha. Tatu, wengi wanaipuliza vibaya, kisha wanasema inawachubua na kuwatoa damu.

Namna ya kuipuliza: penga kamasi kwanza. Tikisa chupa. Inamisha kichwa mbele kidogo, kana kwamba unatazama viatu vyako, usikirudishe nyuma. Tumia mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, na wa kushoto kwa tundu la kulia, ili ncha ielekee upande wa sikio, si kwenye ukuta wa katikati ya pua. Ule ukuta ndio unaotoa damu. Puliza ukivuta hewa kidogo tu. Ukivuta kwa nguvu kama mtu anayenusa ugoro, dawa inapita hadi kooni na unaionja. Ukiionja, imepotea.

Usiichanganye na matone ya kufungua pua ya zailometazolini, yale yanayofungua pua ndani ya dakika tano na kukufanya uhisi umezaliwa upya. Nilipokuwa chuoni niliyatumia karibu miezi minane. Kila yalipokwisha nguvu, pua ilijifunga zaidi ya mwanzo, nami nikaongeza. Nilikuwa nalala na kichupa chini ya mto. Yasizidi siku tano mpaka saba. Nilipoyaacha niliteseka kama siku kumi, nikipumua kwa mdomo kama samaki aliyetupwa ufukweni, na kilichoniokoa ni hiyohiyo steroidi ya kupuliza ambayo nilikuwa naidharau.

Tahadhari moja ambayo kwa watu wetu wa Kisumu, Siaya na Homa Bay ni muhimu kuliko nyingine zote. Ikiwa unatumia ARV zenye ritonaviri, kama wale walio kwenye mchanganyiko wa atazanaviri au lopinaviri, usipewe flutikasoni wala budesonidi, iwe ya puani au ya kifuani, bila anayekupa kujua. Ritonaviri inalizuia ini kuivunja ile steroidi, inajaa mwilini, uso unavimba, sukari inapanda, na tezi zinazotengeneza steroidi ya asili zinalala. Beklometasoni ndiyo salama zaidi kwao. Wengi walio kwenye dolutegraviri bila ritonaviri hawana shida hii. Wateja huogopa kuniambia wanatumia ARV wakiwa kwenye foleni, na siwalaumu, foleni ina masikio. Basi mwite muuzaji pembeni, au mwonyeshe kopo la dawa bila kusema neno.

Ngozini: usidhani kila kuwashwa ni kwa kidonge

Mkulima wa pareto kutoka Molo alinionyesha mikono iliyopasuka na kutoa maji. Alikuwa amemeza setirizini wiki tatu. Haikuwa kosa la setirizini. Mzio wa kugusa, ule wa mmea, simenti au hereni za bei rahisi, hauendeshwi na histamini. Huendeshwa na seli nyingine za kinga na huchukua siku moja au mbili kujitokeza, kwa hiyo kidonge kinakosa pa kushika. Kilichomfaa ni kuvaa glavu na krimu ya steroidi kwa muda mfupi. Na hizo krimu zenye klobetasoli zinazouzwa sokoni kama za kung'arisha uso, tafadhali, ziache. Ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi, na ukiacha inawaka moto.

Prednisoloni na "sindano ya msimu"

Septemba 1948, katika Kliniki ya Mayo, Marekani, Philip Hench na wenzake walimdunga steroidi iitwayo kotisoni mgonjwa wa baridi yabisi aliyekuwa hawezi kugeuka kitandani, na baada ya siku chache akawa anatembea. Nobel ilikuja mwaka 1950. Miaka michache baadaye madaktari wakaanza kuona upande wa pili: mifupa kudhoofika, sukari, uso kuvimba mviringo kama mwezi. Prednisoloni ni binamu yake. Kwa pumu iliyopanda vibaya, siku tano hivi za prednisoloni huokoa maisha, na hapo sibishani na mtu. Kwa chafya za Februari, ni kuchoma nyumba ili umfukuze panya.

Kibaya zaidi ni sindano ya steroidi ya kukaa muda mrefu ambayo kliniki nyingine huchoma mara moja kwa msimu. Dada yangu alichomwa moja kwenye kliniki fulani bila kupimwa sukari. Chafya zilikatika, naam. Baada ya wiki mbili alikuwa anakunywa maji lita baada ya lita na kukojoa usiku kucha. Kidonge ukikijutia unakiacha. Sindano ile haitoki.

Na kuna minyoo midogo iitwayo strongiloidi, inayoingia kupitia ngozi ya miguu peku. Inaweza kukaa mwilini miaka mingi bila dalili. Steroidi ya kumeza ikishusha kinga, inaweza kuzaana bila breki na kuenea mwili mzima. Kwa mtu aliyekulia shambani magharibi mwa Kenya, hilo si swali la kinadharia.

Kifuani: ya buluu peke yake haitoshi

Hili nitalipita haraka, si kwa sababu ni dogo ila kwa sababu jibu lake halina utata. Inhela ya buluu ya salbutamoli inafungua njia ya hewa, haigusi uvimbe. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu hautaki mtu mzima atibiwe kwa ya buluu pekee. Lazima steroidi ya kuvuta iwemo, ya kila siku au iliyochanganywa na fomoteroli, dawa nyingine ya kufungua njia ya hewa. Kama unamaliza ya buluu moja kwa mwezi, rudi kwa daktari. Montelukasti, kile kidonge cha jioni, husaidia wengine, lakini mwaka 2020 Marekani iliipa onyo kali kwa sababu ya ndoto mbaya, huzuni na mawazo ya kujiua kwa baadhi ya watu. Mtoto wako akibadilika tabia baada ya kuianza, usingoje. Na mwenye pumu awe mwangalifu na diklofenaki na aspirini za mgongo. Kwa baadhi yao zinabana kifua ndani ya saa moja au mbili.

Sindano mpya

Sasa hizo mnazoniulizia. Omalizumabu iliidhinishwa Marekani mwaka 2003, kwa hiyo upya wake una mvi. Inazikamata IgE kabla hazijakaa kwenye seli, na huchomwa kila wiki mbili au nne. Mwanzoni ilikuwa ya pumu. Mwaka 2024 ikaidhinishwa pia kupunguza hatari kwa wenye mzio wa vyakula. Dupilumabu ilikuja 2017 kwa ukurutu mkali, baadaye pumu na vinyama vya puani. Inaziba mlango ambao ishara mbili za kinga, IL-4 na IL-13, hupitia. Tezepelumabu, ya Desemba 2021, inazuia ishara ya juu zaidi inayotoka kwenye utando wenyewe wa mapafu.

Zinafanya kazi. Mtu mwenye ukurutu uliomfanya ajikune mpaka shuka lina damu, ambaye krimu zote zimeshindwa, anaweza kulala usiku mzima. Lakini dupilumabu ilipoanza Marekani bei yake iliyotangazwa ilikuwa dola 37,000 kwa mwaka, zaidi ya shilingi milioni 4 kwa pesa za leo. Kwa chafya?

Tuache hata bei. IgE mwili haukuiumba kwa ajili ya vumbi la Nakuru. Kazi yake kubwa inayojulikana ni kupambana na minyoo. Ndiyo maana maelezo ya omalizumabu yanataka wanaoishi penye minyoo wafuatiliwe, na ya dupilumabu yanataka minyoo itibiwe kabla ya kuanza. Mvuvi wa Dunga au Usenge anayeingia Ziwa Victoria kila siku na huenda ana kichocho, hayuko sawa na mgonjwa wa Boston. Kuna pia vidonge vipya vya ukurutu vinavyozuia vimeng'enya viitwavyo JAK, kama upadasitinibu. Ni vya haraka na vina nguvu, lakini vina onyo kali la maambukizi, kifua kikuu kikiwemo. Ukipewa kimoja bila kupimwa TB, uliza kwa nini.

Hapo utafiti wa hapa kwetu ungetufaa. KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, ina kituo kikubwa Kisian, nje kidogo ya Kisumu, na ukanda huo umezoea majaribio ya dawa na chanjo za malaria na ya Virusi vya Ukimwi. Ukialikwa siku moja kwenye jaribio la dawa ya mzio, linganisha hivi. Awamu ya kwanza hupima usalama kwa watu wachache. Usiingie ukitarajia kupona. Awamu ya tatu hulinganisha dawa mpya na iliyopo kwa mamia au maelfu ya watu, na huenda ukapangiwa ile ya zamani. Kati ya dawa kumi zinazoanza kujaribiwa kwa binadamu, takriban moja ndiyo hufika dukani. Fomu ya ridhaa lazima uielewe kwa lugha yako, na una haki ya kujitoa siku yoyote bila kueleza sababu. Uliza nani atakutibu ukidhurika, na kama dawa ikifaa utaendelea kuipata jaribio likiisha. Swali la mwisho ndilo watu husahau kuuliza.

Kitu kimoja hakimo kwenye ulinganisho huu. Mtu akiumwa na nyuki au akila karanga, kisha ulimi ukavimba, pumzi ikakata au akazimia, usilinganishe Piriton na setirizini. Hiyo ni adrenalini kwenye msuli wa paja, hospitali, mbio. Vidonge ni vya baadaye.

Yule dereva alirudi Jumamosi iliyopita. Loratadini ilikuwa imemtuliza chafya, lakini pua bado imeziba. Nikampa beklometasoni ya kupuliza, tukafanya mazoezi ya mikono mbele ya kioo cha kaunta, wa kulia tundu la kushoto, akicheka kama mtoto. Kabla hajaondoka nilichukua kalamu nikaandika tarehe kwenye boksi, na chini yake tarehe ya wiki mbili mbele. "Usinipigie kabla ya hii," nikamwambia. Akaliweka boksi juu ya dashibodi, akawasha lori.